Neno Moja kwa Radi

Fimbo ya bibi iligonga geti mara tatu, na mbwa wangu Radi akasimama, masikio wima.

Mwezi uliopita alimrukia bibi kwa furaha, akamwangusha chini. Mama akaapa: akiruka tena, mbwa huyo anahama. Ndipo nikamtafuta mkufunzi wa mbwa. Siku ya kwanza nilimwamuru Radi kwa ubeti mzima, tena wenye vina. Mkufunzi alicheka hadi akajishika mbavu.

"Kaka, huyu hataki shairi. Neno moja, mara moja, halafu unyamaze."

Kunyamaza! Mimi! Radi alijifunza kukaa kwa siku nne. Mimi kunyamaza kulinichukua wiki tatu.

Sasa mama akafungua geti, akinitazama kwa jicho kali.

"Kaa," nikasema, kisha nikauma ulimi.

Radi akakaa. Mkia ulifagia sakafu, lakini hakuinuka. Bibi akapita taratibu, akampapasa kichwa.

"Umemfundisha wewe, mume wangu?"

"Tumefundishwa wote wawili," nikajibu, kifua mbele. "Na nakuahidi, bibi, kila ukija utanikuta hapa getini, na nitasema neno moja tu."