Nahodha Eilif na Madaktari Wawili

Eilif, nahodha mstaafu wa feri ya kisiwani kwetu, kaskazini mwa Norwei, alifiwa na mkewe Solveig, na tangu hapo chakula kikawa hakimpiti kooni. Dada yake Gudveig akamtafutia daktari wa magonjwa ya akili. Hospitali ya mjini ilikuwa ikichunguza kama daktari wa kwenye skrini anamwona mgonjwa sawasawa na daktari aliyeketi naye, kwa hiyo Eilif angepimwa na madaktari wawili, kila mmoja kivyake.

Gudveig hakuiamini skrini. "Ataona kichwa tu," alisema. "Na kwako, kaka, hicho ndicho kiungo kisicho na kitu."

Siku ilipofika alimvalisha sweta safi, akamkalisha mbele ya kompyuta, naye akajibanza kando ya jokofu. Daktari Ragnfrid aliuliza habari za usingizi. Eilif akajibu kwamba analala vizuri.

"Mwongo huyo," ikasikika sauti kutoka kwenye jokofu.

Daktari akaomba kwa upole mwenye sauti atoke. Gudveig akatoka nje kwenda kuwanunia kondoo wake. Eilif alipobaki peke yake, alisema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: tangu msiba analala kitini, maana kitanda kimekuwa kikubwa mno. Kisha akalia.

Wiki iliyofuata Daktari Asgeir alikuja kwa feri. Eilif alimpokea gatini, akamwekea kahawa na maandazi ya mdalasini, akamsimulia dhoruba zake zote hadi mgeni akafuta machozi ya kicheko. Asgeir akaondoka ameridhika: mzee ana majonzi ya kawaida, yatapita. Ragnfrid alikuwa ameona ugonjwa wa sonona, tena wa kutibiwa upesi.

Majibu yalipogongana, wote wawili walimpigia Eilif kwa video. Asgeir alimuuliza, kwa unyonge kidogo, mbona yeye hakuambiwa habari za kiti.

"Wewe ulikuwa mgeni wangu," Eilif alisema. "Mtu amevuka bahari, nimpe huzuni pamoja na kahawa? Huyu mama wa kwenye skrini hata kikombe siwezi kumpa. Nikampa ukweli."

Asgeir akaahidi kwamba akija tena hatagusa andazi. Gudveig, kutoka kando ya jokofu, alimwambia kwamba akithubutu hivyo atarudi mjini kwa kuogelea.

Matibabu yakaanza. Ragnfrid alizungumza naye kila wiki. Asgeir alikuja mara mojamoja, wakatembea ufukweni, mahali ambapo hakuna mwenyeji wala mgeni. Theluji ilipoyeyuka Eilif alikuwa amerudi kitandani, ingawa hakuvuka kwenda upande wa Solveig.

Gudveig naye akapatana na skrini. Siku moja, kaka yake alipomaliza mazungumzo, aliisogelea kompyuta, akainua mguu na kumwonyesha Ragnfrid goti lililovimba.

"Mimi ni daktari wa akili, mama," Ragnfrid alisema.

"Najua," akajibu Gudveig. "Limenichanganya akili."