Baba Mkwe Masikioni

Kazi yangu ni kupiga pasi kwenye duka la dobi. Mikono ina kazi, miguu ina kazi, masikio hayana, kwa hiyo nimeyatafutia ajira: nasikiliza vitabu. Asubuhi naanza na rundo la mashati na mtu ananisomea sikioni, na kufika jioni mashati yamekwisha na mtu fulani kitabuni amekufa, ameoa au amefilisika. Hata urefu wa kitabu naupima kwa nguo. Riwaya fupi ni mashuka ya hoteli moja. Lile buku nene ambalo kila mtu analisifu nililianza msimu wa makoti, makoti yakarudi kabatini, yakatoka tena, na bado yule bwana alikuwa njiani kwenda harusini.

Nina maoni, na siyafichi. Nayarekodi kwa sauti yangu mwenyewe na kuyatupa kwenye kundi la simu la ukoo wa mume wangu, ambako niliingia kwa ndoa na nimejulikana kwa mdomo. Wananiita Jaji. Kile kitabu maarufu cha kufundisha watu kutajirika, nilisema msomaji wake ana sauti ya mtu aliyelala njaa, na kama mafunzo yale yanafanya kazi angeanza nayo yeye. Kile cha mapenzi ambacho mawifi zangu wote walikililia, nilisema kimesomwa na mwanamume mmoja kwa sauti zote, na kila binti akifungua kinywa unadhani ni mzee aliyebanwa kidole na mlango. Ile riwaya ya upelelezi iliyowatoa watu jasho, mimi muuaji nilimjua mapema, maana msomaji alimpa mafua yeye peke yake. Na kile cha hekima, ambacho watu wanapeana kama dawa, msomaji anameza mate kila baada ya nukta. Nilipata hekima kidogo na mate mengi.

Wengine walicheka, wengine walininunia, lakini hakuna aliyeanza kitabu bila kuniuliza kwanza. Kichwa kikanivimba. Sikujua kwamba msikilizaji wangu mwaminifu kuliko wote alikuwa baba mkwe.

Baba mkwe alikuwa mtangazaji. Si wa redio, wa stesheni ya treni. Maisha yake yote ya kazi aliketi kwenye chumba kidogo na kipaza sauti, akiwaambia abiria treni ipi inaingia na ipi imechelewa. Alipostaafu stesheni ikafunga mashine ya kutangaza, naye akarudi nyumbani na sauti isiyo na pa kwenda. Akaanza kutangaza chai. Mama mkwe akitoka kwenda sokoni alitangazwa anatoka, akirudi alitangazwa amewasili, na akichelewa aliombewa radhi kwa usumbufu mbele ya viti vitupu. Mama alinieleza kwamba zipo siku alitamani treni ipite hapo sebuleni imchukue mmoja wao, yeyote.

Halafu kampuni moja ya kurekodi vitabu ikatoa tangazo. Walitaka sauti mpya kwa ile riwaya mashuhuri ya mke anayemsubiri mumewe, riwaya ambayo kila mtu anadai aliisoma shuleni. Rekodi iliyopo nilishaitolea maoni: ilisomwa na dada aliyekuwa na haraka, kama aliyeacha chungu jikoni. Yeyote mwenye sauti alikaribishwa kusoma sura ya kwanza na kuituma kabla ya Ijumaa. Baba mkwe akajifungia stoo, katikati ya ndoo na majamvi, akasoma sura nzima. Alipotoka, Mama alisema, alikuwa mtu mwingine. Alinyoa ndevu. Alipiga viatu rangi bila kuwa na safari. Usiku huo alilala fofofo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya kustaafu.

Ila alikataa kuituma kabla ya kusikia maoni ya mtu mmoja. Mtu huyo ni mimi.

Mume wangu alinifuata jikoni akafunga mlango. Aliniambia kwamba baba yake akikataliwa na kampuni ataumia siku mbili tatu, lakini akikatishwa tamaa na mkwewe hatafungua tena kinywa. Akaniomba niseme ni nzuri. Neno moja tu, halina mfupa. Nikamwahidi, nikaenda kazini na rekodi ya mzee kwenye simu.

Sasa naomba mnielewe. Baba mkwe ni mtu ambaye hata kikombe nampa kwa mikono miwili. Na sura ya kwanza ya kitabu kile, kama mliisoma kweli shuleni, ina busu. Mke amesimama langoni, mume ameandika kwamba anarudi leo, na mke anakumbuka jinsi alivyombusu siku anaondoka. Nilipofika hapo nilivua hedifoni nikaangalia nyuma kama kuna mtu ananiona.

Lakini busu halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba busu lile liliwasili. Mzee alilileta polepole, kwa sauti nzito inayopanda mwishoni, kama linatoka mbali na litasimama hapa kwa muda mfupi tu. Mke alipolia, alilia kwa taratibu zote za reli. Na kila jambo zito lilisomwa mara mbili, kwa sababu abiria hawasikii mara ya kwanza. "Moyo wake ulipasuka," alisoma baba mkwe. "Narudia. Moyo wake ulipasuka." Nilijikuta natafuta mizigo yangu. Mwenzangu wa meza ya pili, niliyempa sikio moja la hedifoni asikilize, aliniuliza kwa upole kitabu hiki kinaondoka saa ngapi.

Jioni nikapita kwa wakwe. Mzee alikuwa ameketi kibarazani na viatu vyake vinang'aa. Nikamwamkia, akaitikia, akasubiri. Mama mkwe nyuma yake alikuwa ananikonyeza kwa macho yote mawili.

"Ni nzuri, Baba," nikasema.

Hakukasirika. Aliniambia kwamba amesikiliza maoni yangu yote tangu ya kwanza, mengine akiyarudia usiku akicheka peke yake, na hajawahi kunisikia nikimaliza kitabu kwa neno moja. Hata vile nilivyovipenda nilivitukana kwa kirefu. "Huyo aliyemeza mate ulimpa heshima ya kumwambia," akasema. "Mimi umeninyima hata hiyo."

Basi nikamwambia. Sijui kama ni uchungu au ni tabia, lakini mdomo wangu ukishafunguka hauna breki. Nilimwambia kuhusu busu lililowasili. Nilimwambia kuhusu moyo uliopasuka mara mbili. Nilimwambia kwamba nimesikiliza sura nzima na hakuna mahali nilipohisi ananisomea mimi, alikuwa anawatangazia watu elfu, na watu elfu hawawezi kumhurumia mwanamke mmoja langoni. Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akashukuru, akaingia ndani, akavua viatu.

Kesho yake hakutangaza chai. Mama alipokwenda sokoni hakuna aliyemtangaza. Alinipigia simu kuniambia kwamba nyumba imekuwa kama ya kupanga. Alikuwa ameomba kimya miaka hii yote, na sasa amekipata hajui akiweke wapi. Mume wangu hakunisemesha. Kundi la simu lilikuwa kimya. Nami nilipiga pasi bila kitabu, mara ya kwanza, na niliwaza mawazo yangu mwenyewe, ambayo hayakusomwa vizuri hata kidogo. Nilikuwa nimemnyang'anya mzee wa watu kitu pekee alichobaki nacho, na hakuna aliyenilazimisha, maana yeye aliomba ukweli, lakini kipimo nilijichotea mwenyewe.

Siku ya Alhamisi mchana mlango wa duka ukafunguliwa, akaingia baba mkwe na kitabu kwapani. Mwenye kazi wetu, tunayemwita Madamu, hapendi wageni. Alikuwa chumba cha nyuma akihesabu mapazia, kwa hiyo nikamvutia mzee kigoda haraka kati ya meza yangu na kapu la mashati, nikamwomba radhi kabla hajaketi.

Akakataa radhi kwa mkono. Akasema hajalala, anawaza watu elfu. Nikafikiri amekuja kunisema. Lakini alitaka kunieleza kitu kuhusu chumba chake cha stesheni. Dirisha lilitazama reli. Ukumbi wa abiria ulikuwa mgongoni kwake, nyuma ya ukuta.

"Nikisema treni haiji leo, nazima kipaza sauti, nakunywa chai yangu," akasema. "Sijawahi kuona sura ya mtu niliyemwambia. Hata mmoja. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia mbele ya macho yangu kwamba umenisikia."

Nikashika pasi kwa sababu ndiyo kitu nilichozoea kushika. Mzee akavaa miwani, akafungua kitabu, akaniuliza kama anaweza kunisomea nikiwa hapa hapa, anione. Nikaiweka simu juu ya rundo la taulo, nikawasha kurekodi, nikatandaza shati jeupe.

Mwanzo alitangaza. Yule mke wa kitabuni alisimama langoni kama anasubiri behewa la mizigo. Nikainua macho nikamtazama, na nadhani sura yangu ilisema yote, kwa sababu alisita, akarudi juu ya ukurasa, akaanza tena chini chini. Sasa alikuwa anasoma sentensi moja, ananitazama, anasoma nyingine. Alipofika kwenye barua ya mume, ile inayosema anarudi leo, sauti ilimpungua kidogo. Alimsoma yule mke akifagia lango mara ya pili. Akamsoma akimwambia jirani kwamba barabara ni mbovu, ndiyo maana. Akamsoma akiwasha taa mapema. Nikaona kwamba mzee mwenyewe amesahau kunitazama, anamtazama mtu mwingine aliye mahali fulani nyuma ya mabega yangu. Huenda walikuwa wengi, wamesimama na mizigo yao, wale wote aliowazimia kipaza sauti. Busu lilipita nusura nisilione. Lilikuwa dogo, la watu wawili waliooana siku nyingi, na sikuona haya hata chembe.

Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa ameacha kazi. Hata mashine ya kufulia ilikuwa imemaliza mzunguko wake, na hakuna aliyekwenda kutoa nguo.

Yule mke akasikia hatua nje ya lango. Akajifuta mikono. Baba mkwe akafunga kitabu juu ya kidole chake, akavua miwani, akaniuliza maoni yangu.

Nikafungua kinywa, na hapo ndipo niliposikia harufu. Pasi ilikuwa imekaa juu ya kifua cha shati la mteja muda wote huo. Nilipoinyanyua, moshi ulipanda, na pale penye mfuko palikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la pasi, nzima kabisa, mpaka ncha yake.

Madamu alitoka chumba cha nyuma mbio. Akaiona pasi mkononi mwangu. Akaliona shati. Akamwona mzee wa watu kwenye kigoda, kitabu kimembana kidole, ameshaanza kunyanyuka ili aombe msamaha kwa niaba yangu. Nikainamisha kichwa nikingoja kufukuzwa kazi mbele ya baba mkwe. Madamu alinyoosha mkono, akaizima pasi kwenye swichi, akakokota kapu la mashuka akalikalia.

"Mapazia nimeyaacha tangu kwenye barua," akamwambia mzee. "Sasa nieleze. Huyo aliyekuja langoni, ni yeye au si yeye?"

Baba mkwe akasema kwamba kampuni imeomba sura ya kwanza tu, nayo inaishia hapo.

"Kampuni haipo hapa," akasema Madamu. "Mimi nipo."

Mzee akaketi tena. Akamtazama Madamu, akanitazama mimi, akamtazama mwenzangu wa meza ya pili, mmoja mmoja, kama mtu anayehakiki kwamba wote wamefika. Kisha akavaa miwani na kufungua sura ya pili.