Kengele Mbili za Tramu ya Mlimani

Kwa miaka mitatu dereva na kondakta wa tramu ya mlimani, mjini Marquand, hawakupeana hata salamu. Dereva, Cornelius Tierney, alisimama mbele na masharubu yake. Kondakta, Gottlieb Hesselmann, alisimama nyuma na kitambi chake. Katikati yao, juu ya vichwa vya abiria, ilipita kamba ya kengele, na mazungumzo yao yote yalipitia humo. Kengele moja, simama. Mbili, twende. Tatu, rudi nyuma. Hizo zilikuwa za kampuni. Nne na nusu, yaani nne kamili na ya tano ya kuguswa tu, haikuwamo katika kitabu cha kanuni. Hiyo aliitunga Gottlieb mwenyewe, na abiria wenye watoto waliomba isitafsiriwe.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa samaki. Jumapili moja walikwenda pamoja kuvua mtoni, na ndoana ya Tierney ikanasa kambare mkubwa ajabu, kichwa kama ndoo. Gottlieb ndiye aliyeshika wavu. Dakika moja baadaye kambare alikuwa amerudi zake kwenye matope ya Mississippi. Tierney alisema wavu ulilegezwa. Gottlieb alisema mshipi ulikuwa umeoza tangu siku za babu yake Tierney huko Ireland. Walipiga makasia hadi nchi kavu, na Jumatatu wakaanza kupigiana kengele. Wake zao waliendelea kuazimana sufuria.

Mji mzima ulizoea. Ulizoea mno, kwa kweli, maana kila mama aliyepanda tramu hiyo na kikapu chake alijua kengele za watu hawa kuliko alivyojua sala zake, na kujua huko ndiko kulikoleta balaa.

Asubuhi hiyo ya Novemba 1909, pale gatini mtoni, tramu zilikoanzia safari, kondakta wa tramu nyingine alimvuta Gottlieb kando.

"Hesselmann, jichunge leo. Pruitt yuko juu huko. Kajibanza nyuma ya mti kituo cha Mtakatifu Bonifasi."

"Wewe umejuaje?"

"Mti gani unavuta sigara, bwana?"

Pruitt alikuwa mkaguzi wa kampuni, na Gottlieb alikwisha pata barua mbili za onyo: moja kwa kumpandisha ndama, ya pili kwa kusimamisha tramu ili aamue mchezo wa kurusha viatu vya farasi. Barua ya tatu ingekuwa ya kumfukuza kazi. Na akifukuzwa, kwa umri wake wa miaka hamsini na moja na magoti yake yale, kazi iliyobaki ilikuwa moja tu, ya shemeji yake Emil.

Emil alichemsha kome. Mji huo uliishi kwa vifungo vya shati, na vifungo vilitengenezwa kwa magamba ya kome wa mtoni, lakini kabla gamba halijawa kifungo lazima mtu asimame juu ya pipa linalotokota na kukoroga nyama inayooza. Emil alikuwa mtu mwema. Ila Jumapili mkewe mwenyewe alimwandalia chakula barazani, hata kuwe na baridi kali.

Basi Gottlieb aliapa kwamba siku hiyo kanuni zitafuatwa hadi nukta ya mwisho. Tramu iliondoka na abiria tisa, jiko la makaa likiwaka ndani, koti lake likining'inia kwenye msumari wake wa siku zote pale nyuma. Walipofika kwenye reli za treni ya mizigo, alifanya kama inavyotakiwa: akashuka, akatangulia kwa miguu, akatazama kulia, akatazama kushoto, akampungia Tierney mkono. Tramu ikavuka na kusimama ng'ambo kumngoja apande. Na hapo ndipo gari la kome lilipojitokeza, harufu ikitangulia.

"Shemeji!" Emil alipaza sauti kutoka juu ya gari lake la farasi. "Koleo lako bado nakutunzia! Nimelitia na mpini mpya!"

"Ukalie chakula hilo koleo!"

"Utakuja tu! Nimekuchagulia na pipa, lile lisilovuja!"

Gottlieb hakuwa mtu wa kuacha maneno kama hayo yapite bure. Aligeuka, akashika kiuno, akamweleza Emil mahali pa kulitia pipa. Yalikuwa matusi mazuri, ya kupangika, lakini yalikuwa marefu.

Ndani ya tramu, Bi Ottilie Vogt alikuwa na sufuria ya supu ya moto magotini, ya dada yake mgonjwa, na supu ilikuwa inapoa. Macho yake hayakuwa mazuri. Alitazama nyuma akaona koti la Gottlieb msumarini, akaona kitu chenye upana wa Gottlieb, akajua kwamba Gottlieb ameshapanda ila amejisahau. Mwanamke huyu mwenye kupenda kusaidia alinyoosha mkono akavuta kamba. Ting, ting.

Twende. Tierney akaenda.

Gottlieb aliposikia magurudumu aligeuka mara moja, lakini mgongo wa tramu ulikuwa tayari umeshika kona.

"Ala!" alisema. Halafu akasema mengine, kwa Kijerumani.

"Shemeji, si hiyo ni tramu yako?" Emil aliuliza.

Gottlieb aliutazama mlima. Alikuwa anapiga hesabu. Tierney hawezi kurudi, kanuni inakataza kurudi nyuma bila kengele tatu za kondakta, na Tierney asingevunja kanuni kwa ajili yake. Kwanza amefanya makusudi, mshenzi yule, miaka mitatu amekuwa akiingoja nafasi hii. Tramu itazunguka mlima wote kabla ya kufika Mtakatifu Bonifasi, na pale Pruitt atakuta abiria tisa, koti moja, na kondakta hakuna. Lakini zilikuwepo ngazi. Waumini wa parokia walizijenga moja kwa moja ubavuni mwa mlima, hadi karibu na kituo hicho, ili wasichelewe misa, ngazi mia moja themanini na sita, na Gottlieb mara ya mwisho kuzipanda alikuwa anakwenda kuoa.

Akazikamata.

Ngazi hamsini za kwanza alizipanda kwa hasira, na hasira zilimsaidia. Alimlaani Tierney, mama yake Tierney, na bara zima la Ulaya kwa kuwaruhusu watu wa namna hiyo kuondoka. Kufika ya themanini pumzi za kulaani zilikwisha, akabaki kuhesabu. Kwenye ya mia alisimama, akakumbatia nguzo, akatazama chini. Tramu ilikuwa pale kwenye mzunguko wa pili, na ilikuwa inatambaa. Hajapata kuiona ikienda polepole vile, hata siku ya barafu. Bibi mmoja mwenye mkongojo aliipita kando ya njia.

"Ananicheka," Gottlieb aliiambia nguzo. "Anataka nione vizuri ninavyoachwa."

Lilimuuma, na si magoti tu. Kabla ya kambare yule, Tierney ndiye aliyesimama naye siku ya harusi, ndiye aliyeketi naye mwanawe alipougua kifua. Mtu wa namna hiyo sasa anampeleka kwenye mapipa ya kome kwa mwendo wa konokono, na anafurahia. Gottlieb alifuta macho kwa mkono wa shati, akasema ni jasho, akaendelea kupanda.

Zile ishirini za mwisho alizipanda kwa mikono na miguu. Alipotoa kichwa juu barabarani, akaona jambo ambalo hakulielewa. Kituo kilikuwa hatua arobaini mbele, na mti wake na moshi wake wa sigara. Lakini tramu haikuwa kituoni. Ilikuwa imesimama hapa hapa, mgongo wake mbele ya pua yake, kimya, taa zimezimika. Ule mlingoti wa juu ya paa unaochukua umeme ulikuwa umeachana na waya, unaning'inia hewani. Na Tierney alikuwa anarudi mbele upesi upesi, akipangusa viganja vyake kwenye suruali. Viganja vilikuwa vyeusi, kwa masizi ya kamba ya mlingoti.

Kuurudisha mlingoti kwenye waya ni kazi ya kondakta. Kondakta anayeurudisha mlingoti anasimama chini, barabarani, nyuma ya tramu. Hakuna mkaguzi duniani anayeweza kumwandikia barua kwa hilo.

Gottlieb aliirukia ile kamba. Pruitt naye alikuwa ameshaacha mti wake, anakuja kwa hatua ndefu, daftari mkononi.

"Tierney! Kuna nini? Kondakta wako yuko wapi?"

Tierney alivua kofia. Alikuwa mtu wa misa kila siku na hakuwa amesema uongo tangu kipaimara.

"Hesselmann yuko nyuma, bwana. Anahangaika na mlingoti."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu Gottlieb kusikia jina lake kutoka kinywa kile, na kidogo aiachie kamba.

Pruitt alizunguka nyuma. Alimkuta mtu bila koti katikati ya Novemba, uso mwekundu, mvuke unamtoka kichwani.

"Mbona unahema hivyo?"

"Mlingoti... mzito... bwana."

"Maskini," alisema Bi Vogt kupitia dirishani, akiwa ameshajua alichofanya, mweupe kama chaki. "Yuko hapo muda mrefu sana. Hata sisi tumemhurumia."

"Sana," waliitikia abiria wanane.

Pruitt alitazama mlingoti, akatazama viatu vya Gottlieb, akatazama zile ngazi. Akafunga daftari taratibu, akapanda, akasafiri hadi mwisho wa njia, kisha akashuka kutafuta mti mwingine.

Abiria waliposhuka wote, Gottlieb alibaki nyuma na Tierney mbele, katikati viti vitupu na kamba. Gottlieb aliishika. Alifikiri sana, na hakupata kengele ya kusema alichotaka kusema. Kwa hiyo akaiachia, akatembea hadi mbele.

"Wavu niliushika mimi," alisema. "Nilipiga chafya."

Tierney aliendelea kutazama mto chini.

"Najua, Gottlieb," alisema. "Ulinichafulia shingo."