Beta na Sufuria Ndogo ya Mama Tumpe

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba siku ile sikufanya utundu wowote. Nasema hivi kwa unyenyekevu, nikijua hakuna kiumbe shuleni kwetu, kuanzia mkuu wa shule hadi mbwa wa mlinzi, atakayeniamini. Ni kweli niliwahi kuweka picha ya mbuzi kwenye kompyuta ya mkuu wa shule. Ni kweli mbuzi yule alikuwa amevaa tai. Lakini kwa kosa lile niling'oa visiki viwili vya mikaratusi nyuma ya bweni, kwa hiyo tulishamalizana.

Siku ile nilitenda wema. Mwalimu Didas wa kompyuta alikwenda semina Iringa mjini, akaniachia mimi, Aroni Nkuba wa kidato cha tatu, ufunguo wa chumba cha kompyuta. Nadhani aliona ni afadhali nijulikane nilipo.

Nikaona kivinjari chetu cha intaneti kimezeeka. Nikapakua toleo la majaribio, lile wanaloita beta. Lilipouliza kama lichukue nafasi ya lile la zamani, nikajibu ndiyo. Lilipouliza kama liwashe mambo yote mapya, nikajibu ndiyo. Nimelelewa na wafugaji wa Usangu. Nikiulizwa jambo kwa heshima huwa naitikia. Kisha, kwa kuwa intaneti yetu hutambaa, nikalitia beta kwenye flashi na kulisambaza kwenye kompyuta zote nane.

Sikumkumbuka Mama Tumpe.

Mama Tumpe ni mpishi wetu mkuu, mwenyeji wa Tukuyu. Kwa miaka tisa amelisha watu mia nne mara tatu kwa siku, shule yetu ikiwa nje kidogo ya Nyololo ambako baridi inamfanya kila mtu ale kama wawili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuharisha. Mwezi ule alikuwa anaomba nafasi ya kusomea lishe katika chuo kimoja Mbeya, nafasi zilizotengwa kwa watu wenye uzoefu kazini. Kila mchana, masufuria yakishaoshwa, aliketi kwenye kompyuta namba saba na aproni yake, akajaza fomu kwa kidole kimoja. Maombi yalikuwa yafungwe siku ile saa kumi jioni.

Aliingia saa tisa na robo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kahamisha vitu vyangu?"

Vichupo vya kurasa vilivyokuwa juu ya skrini sasa vilikuwa kushoto, vimejipanga kama foleni ya uji. Hilo lilivumilika. Lakini fomu ilikuwa tupu, na kila alipobofya "Endelea", ilimrudisha mwanzo na kumtaka aingie upya. Akaingia. Endelea. Ingia upya.

Kalista, kiranja wa wasichana, alichungulia mlangoni. "Nkuba! Umefanya nini tena?"

"Sijafanya kitu. Ni beta."

"Juzi ilikuwa mbuzi, leo beta. Namwita mwalimu wa zamu." Akaondoka kwa furaha isiyo ya Kikristo.

Simu ya Mama Tumpe ni ya vitufe, na katibu wa shule alikuwa Mafinga na ufunguo wa ofisi yenye kompyuta nyingine. Ilikuwa ni namba saba au hakuna. Nikafanya kama wafanyavyo wataalamu: nikazima kompyuta nikawasha, kisha nikabadilisha mambo matano kwa mkupuo. Herufi zikawa kubwa kama za bango la mnada. Nikajaribu kurudisha toleo la zamani. Likagoma kufungua kumbukumbu ambazo beta ilishazigusa. Nikashika tena kipanya.

"Toa mkono," alisema Mama Tumpe.

"Mama, zimebaki dakika thelathini..."

"Toa mkono, baba. Maharage yakiwa machungu jikoni, unafanya nini?"

"Unaongeza sukari?"

"Ndiyo maana hupiki." Akafungua daftari lake lenye madoa ya mafuta. "Jikoni kwangu gunia jipya la maharage haliingii sufuria kubwa. Kidogo chake kinapikwa kwanza kwenye sufuria ndogo, naonja mwenyewe. Wewe umemwaga gunia jipya kwenye masufuria yote manane. Haya, nitajie kilichoingia kipya."

Nikamsomea kutoka kwenye mipangilio: vichupo vya pembeni, kuokoa betri, kupakia kurasa mapema, kinga kali ya kuzuia tovuti zisikufuatilie. Akaandika.

"Rudisha ulivyovuruga. Sasa zima cha kwanza. Kimoja tu."

Nikazima. Fomu ikamrudisha mwanzo.

"Kiwashe tena."

"Kwa nini nikiwashe wakati..."

"Ili nijue nimeonja nini."

Nimefundishwa sayansi kwa miaka mitatu na watu wenye shahada, na hakuna aliyewahi kuniambia jambo hilo kwa maneno manne. Nikakiwasha. Tukaonja cha pili, tukaonja cha tatu. Tulipozima cha nne, ile kinga kali, alibofya "Endelea" na ukurasa wa pili ukafunguka. Kinga ile, kwa bidii yake, ilikuwa inaizuia fomu isimkumbuke Mama Tumpe ni nani kila anapotaka kusonga mbele.

"Basi tuiache imezimwa," nikasema.

"Kinga si mbaya. Iwashe, uiruhusu fomu yangu tu ipite."

Ilikuwa saa kumi kasoro kumi na tano. Majibu yote yalikuwa kwenye daftari, kwa sababu mpishi huyu haamini kitu kukaa kwenye chombo kimoja tu. Alisoma, nikachapa kwa vidole kumi. Tulipofika swali la mwisho, "Eleza tatizo la kazini ulilolitatua na hatua ulizofuata," akafunga daftari.

"Sogea. Hili naandika upya mwenyewe."

Akaandika kwa kidole kimoja, bila haraka, huku mimi nikitazama saa ya ukutani na kukumbuka sala zote za asubuhi. Saa kumi kasoro dakika mbili akabofya. Ombi lako limepokelewa.

"Ndaga," akaishukuru kompyuta, wala si mimi.

Kalista akarudi na mwalimu wa zamu. "Nani ameharibu?" aliuliza mwalimu, akinitazama mimi.

"Imeshapona, mwalimu," alisema Mama Tumpe. "Na huyu ana viazi vya kumenya kwangu wiki nzima."

Nilimenya kwa heshima kubwa. Chuo kilimwita kwenye usaili, na aliporudi kutoka Mbeya alikuwa na barua ya kukubaliwa. Alituambia jikoni kwamba walimuuliza swali moja tu la nje ya mapishi, kutokana na jibu lake la mwisho kwenye fomu.

"Swali gani, mama?"

"Waliuliza, huyu Aroni Nkuba ni nani?"

"Ukawajibuje?"

Akanisogezea ndoo nyingine ya viazi. "Nikawaambia ni gunia jipya. Bado yuko sufuria ndogo."