Jina la Kurukia

Kila Agnès alipovuka ziwa kutoka Kilwa ya ng'ambo ya mpaka kuja Nchelenge kununua samaki, alikuja na binti yake Deborah, mtoto wa miaka mitano asiyeweza kutulia na daftari hata kidogo. Kumchapa Agnès hakutaka. Siku moja mwaka wa 1998 alishika kijiti, akachora herufi kubwa kama beseni kwenye mchanga mbichi wa ufukoni.

"Ruka ku D, uite sauti yake!"

"Ddd!" Deborah akaruka, akataka nyingine.

Safari ya tatu alikuwa anaruka jina lake zima huku akicheka. Mama Febby, mwanamke wa pale Nchelenge aliyewauzia chisense, samaki wadogo wa kukausha, alikuwa akimtazama siku zote. Siku hiyo akavua kandambili.

"Mutoto, na jina yangu inaweza kuwa humo? Miye sikusomaka."

Agnès aliona haya kwa niaba yake, maana wachuuzi wengine walikuwa wamegeuka kutazama. Deborah hakungoja. Alimwomba mama yake aandike FEBBY, kisha akamshika mkono yule mwanamke.

"Fff, eee, bbb... Mama Febby, B iko mbili! Ruka tena!"

Mama Febby akakunja kitenge, akaruka, akaruka tena, mpaka mwisho. Akageuka kuangalia alikopita.

"Kumbe njo miye huyu," akasema polepole, akilionyesha jina lake mchangani.

Wachuuzi wakapiga vigelegele. Agnès alimkumbatia, wote wawili wakilia na kucheka, na Deborah akiwavuta nguo warudie.