Wasifu wa Barnaba

Tuseme ukweli, Daktari Theophil Kaijage hakuingia kwenye siasa kwa njaa. Kliniki yake pale Evere, huko Ubelgiji, ilijaa tangu asubuhi: Waturuki, Wakongo, mabibi wa Kiflemi na vimbwa vyao, na mkewe Imelda yuko mapokezi akiwapanga wote kwa lugha tatu bila kupandisha sauti. Kilichomwingiza kwenye siasa ni hasira. Mgonjwa wake mmoja, bibi kizee aliyejua Kiflemi peke yake, alibebwa na gari la wagonjwa akapelekwa hospitali ambayo zamu ile yote ilijua Kifaransa tu. Bibi akaeleza maumivu yake, wauguzi wakatikisa vichwa kwa upole, wakampa dawa ya tumbo. Kumbe ni moyo. Theophil alipopata habari za kifo chake alikaa ndani ya gari akalia kwa ghadhabu.

Basi akajiunga na chama kidogo kinachoitwa Ubelgiji Mmoja, cha watu wasiotaka nchi ile ikatwe katikati, Waflemi huku na wa Kifaransa kule. Watanzania wenzake walimcheka mpaka basi.

"Daktari, kero za Muungano wa kwetu hazikukutosha, umezifuata na za Wabelgiji?"

"Ndiyo maana nazijua," naye huwajibu.

Walicheka, lakini kura wakampa, akawa diwani. Na kipaza sauti, jamani, kina utamu wake. Mtu aliyefanya kazi miaka yote ya kusikiliza na kufunga mdomo, siku moja anasimama mbele ya ukumbi, anatamka neno, watu wanapiga makofi. Theophil alirudi nyumbani siku hiyo anang'aa. Imelda alimpakulia chakula akamsikiliza akiirudia hotuba nzima. Alifurahi naye, tena kwa moyo wote, ila aliona kwamba mumewe hakumuuliza siku ya kliniki imekwendaje.

Kisha akafa Barnaba.

Barnaba alikuwa mlinzi kwenye jengo moja karibu na Schuman, mtaa wa maofisi makubwa, mtu wa kanisa, rafiki wa Theophil na mgonjwa wake vilevile. Mkewe Atieno, Mkenya, ndiye aliyewalisha Waswahili wote wa mji ule. Harusi, ubatizo, mahafali, toka Evere mpaka barabara ya Chaussée de Wavre, pilau ni ya Atieno, chapati ni za Atieno, hata sahani za kulia ni zake. Ndiyo kazi aliyokuwa akiishi kwayo, na jina lake lote lilikuwa humo.

Familia ikamwomba Theophil asome wasifu wa marehemu. "Wewe ndiye msomi wetu, na ndiye daktari wake." Akakubali. Uchaguzi wa Oktoba ulikuwa umekaribia, na Zuberi, Mrundi wa Bujumbura aliyekuwa akimwendeshea kampeni, hakuficha furaha yake.

"Docteur, watu watajaa pale, vraiment. Bon, chama usikitaje. Lakini uongee vizuri."

Mvua iliwafukuza makaburini, kwa hiyo wasifu ukasomwa ukumbini, watu wameshapakua chakula. Kina mama wa kanisa walikuwa wamepikia jikoni kwa mfiwa, kwa sufuria za Atieno. Theophil akasoma: kuzaliwa, shule, ndoa, kazi. Akafika kwenye kipande cha ugonjwa. Sisi kwetu wasifu haukamiliki bila kipande hicho, alianza kuugua lini, alitibiwa wapi, mauti yakamkuta vipi. Na kila mwenye adabu zake anajua kina ustaarabu wake. Unasema presha, unasema sukari, watu wanaguna, unakwenda mbele. Familia ilikuwa imeandika presha.

Theophil akaishusha karatasi. Akawatazama watu. Alikuwa anajua jinsi majibu ya vipimo vya Barnaba yalivyozungushwa baina ya ofisi ya Kiflemi na ofisi ya Kifaransa mpaka muda ukapita, na ile hasira ya zamani ikampanda. Tuwe wakweli, hasira ilipanda pamoja na utamu.

"Hapa wameandika presha," alisema. "Ndugu zangu, Barnaba hakufa kwa presha. Barnaba ameuawa na mpaka! Alikuwa na homa ya ini, aina ya B, inayodhibitika kabisa kwa dawa. Karatasi zake zilikaa zikingoja mtafsiri, kama mzigo wa forodhani!"

Akaendelea. Ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote alizowahi kutoa, mpaka wanaume wazima wakafuta macho.

Ndipo mama mmoja wa mstari wa mbele akaweka kijiko chake chini, taratibu, akaisogeza sahani. Aliyeketi pembeni yake akafanya vivyo hivyo. Jicho la daktari likaona. Na angenyamaza hapo, pengine yangeisha. Lakini mtu mwenye kipaza sauti mkononi hanyamazi.

"Haiambukizwi kwa chakula!" Theophil akapaza sauti. "Kuleni! Ni damu tu, na mambo ya mke na mume."

Wallahi, waliokuwa bado wanakula wakaacha. Mpaka dakika ile wengi hawakujua kama ni ugonjwa wa kuambukiza.

"Na Atieno nimempima mwenyewe! Hana kitu!"

Imelda alikuwa ameketi na mfiwa, amemshika mkono. Alihisi mkono ule ukitoka taratibu kwenye wake. Hakuthubutu kumtazama usoni, aliona aibu kana kwamba ni yeye aliyesema.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mwenye kuyamwaga lazima ainame. Siku ya pili mume na mke wakaenda kuomba radhi. Atieno aliwakaribisha jikoni, akawapa chai. Theophil aliinywa kwa pupa mpaka akaunguza ulimi, ili mwenyeji aone imenywewa. Atieno aliona, akatabasamu kwa huzuni.

"Polepole, Daktari, utajichoma. Najua wewe huogopi."

"Nisamehe, shemeji. Nilitaka wajue hospitali ile imefanya nini."

"Lakini mimi sikukasirikia hospitali. Ile hospitali ilichelewa, sawa, lakini ilinyamaza." Akapangusa meza iliyokuwa safi. "Wewe ulinipima mara moja tu. Sasa hawa watanipima kila nikishika sufuria."

"Nishtaki," Theophil akasema. "Kuna baraza la madaktari. Nitakubali kila kitu, shemeji. Nishtaki."

"Nikushtaki niwaambie nini? Nianze kusimulia upya?"

Hakumshtaki. Laiti angemshtaki! Mtu akiadhibiwa huwa anapumua.

Uchaguzi ukafika, Theophil akashinda kwa kura ambazo chama chake hakikuwahi kuziona. Zuberi alimkumbatia mbele za watu.

"Ni ile discours, ile hotuba ya msiba, Docteur! Watu wanasema, huyu hafichake kitu!"

Theophil alitabasamu kwa ajili ya picha. Alijua kwamba Atieno hapikii tena harusi ya mtu. Watu walikuwa na adabu, hawakumtukana, waliacha tu kumpigia simu. Sasa alikuwa akifagia maofisi kulekule Schuman, karibu na mlango aliokuwa akiulinda mumewe.

Huko kliniki nako watu hawakukoma kuja, la hasha. Walikuja na mafua. Walikuja na maombi ya nyumba, na barua za kupelekwa manispaa. Lakini zamani mtu aliingia, akafunga mlango, akavua shati, na yaliyokuwa moyoni yakavuliwa nalo. Siku hizi walibaki na makoti. Jean-Baptiste, fundi wa lifti wa Kikongo ambaye Theophil alimtibu miaka mingi, alikaa mbele yake amekonda, macho ya njano kabisa.

"Unajisikiaje?"

"Salama tu, Mheshimiwa."

"Hapa tuko wawili, papa. Mimi ni daktari wako."

Jean-Baptiste akageuka akautazama mlango, akamtazama tena. "Ni uchovu tu, Mheshimiwa. Ya kazi."

Akaondoka, na asirudi tena. Theophil aliketi peke yake akaogopa, maana ugonjwa anaoufahamu anaweza kupambana nao, lakini huu wa watu kunyamaza hakuwa na dawa yake. Jioni akamweleza Imelda. Imelda alimsikiliza, akasema pole, akaendelea kukunja nguo.

Jumamosi moja walikuwa jikoni, Imelda anaosha vyombo, mikono ya blauzi ameipandisha. Theophil anapangusa, anazungumza habari za kikao cha baraza la madiwani. Mara kitambaa kikasimama mkononi mwake. Kwenye kiwiko cha mkewe, kwa ndani, palikuwa na plasta ndogo na alama ya bluu pembeni yake.

"Nani amekutoa damu?"

Imelda akaushusha mkono wa blauzi, maji yakiulowesha. "Daktari."

"Daktari gani? Daktari si mimi?"

"Nina daktari, Theo. Yuko upande wa pili wa mji. Tangu mwezi wa tatu."

Theophil akaweka kitambaa chini. Kichwani mwake zikapita kwa haraka siku zote ambazo mkewe alisema anakwenda sokoni, kuchoka kwake, nguo zilizompwaya, mambo ambayo mgeni yeyote angeyaona akiingia kliniki.

"Imelda, mke wangu. Ni nini? Niambie tafadhali. Naweza kusaidia, nawajua mabingwa wote wa..."

"Najua unawajua."

"Hukuniamini mimi?"

"Wewe nakupenda," Imelda akasema, na machozi yakamtoka waziwazi, bila kuyaficha. "Nimekupikia, nimekuzalia, nimekupigia kura. Lakini mwili wangu niliogopa kukuletea. Ulilala kitanda kimoja na mimi, nikawa nahesabu maneno."

Theophil akavuta kiti, akakaa. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu neno lake likawa dogo.

"Unaumwa?"

"Naumwa."

"Sana?"

Imelda akageukia sinki, akafungua maji.

"Hilo nimeshamwambia daktari wangu."