Maji ya Kumkanda Stella

Nianze kwa kusema mimi si mchafu. Waulize pale Kariakoo, safu ya kuku: meza ya Mama Stella husuguliwa mara tatu kwa siku, na inzi anayetaka kutua hapo aombe ruhusa kwanza. Miaka kumi na tisa nanyonyoa na kupasua kuku, na mteja wangu haondoki na unyoya hata mmoja.

Kuku wangu huletwa na Uledi, muuzaji wa jumla, kutoka Buguruni. Joto la kwenye matenga huwachosha, na kuku anayesinzia hanunuliwi. Kwa hiyo safu nzima tuna desturi yetu: wakishushwa tu, unamimina pakiti ya dawa ya unga kwenye maji yao ya kunywa. Pakiti imeandikwa wapewe siku tano, na wasiliwe mpaka wiki ipite. Sisi tulikuwa tunawapa asubuhi, na jioni wako sufuriani kwa watu. Nani ana wiki nzima ya kumsubiri kuku?

Mwezi wa tatu binti yangu Stella alijifungua kwa upasuaji. Mtoto wa kike, mzima kabisa. Muuguzi aliturudisha nyumbani na onyo: mshono usiguswe, mzazi asikandwe. Nikamwitikia "sawa" ile ya kumaliza maneno. Mimi mama yangu alinikanda kwa maji ya moto siku arobaini, nikasimama kama sijazaa. Nimwache mwanangu na tumbo limelegea kwa sababu ya kabinti ka juzi ambako hakajazaa hata kidole?

Kila jioni nilitoka sokoni, nikanawa, nikachemsha maji na kumkanda kwa taulo. Vidole vyangu vina nyufa za visu. Uchafu wa kuku ukiingia humo hautoki hata usugue vipi. Taulo ikipoa nilimpapasa kwa viganja, taratibu, mpaka kwenye mshono wenyewe. Stella alifumba macho. "Hapo hapo, mama," alisema. "Usitoe mkono."

Siku ya tisa mshono ukaanza kunuka. Tukapewa vidonge, homa ikapanda. Tukapewa sindano, homa ikapanda tena, na Stella akaanza kuongea na watu ambao hawamo chumbani. Nilimpeleka hospitali moja maeneo ya Posta, akalazwa. Dokta Janki, binti wa Kihindi mwenye sauti ya chini, alichukua usaha ukapimwe maabara. Baada ya siku tatu akaniita ofisini. Niliingia nimempakata mjukuu wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niambie mwanangu anapona lini."

Alinisomea kwenye karatasi dawa ambazo vijidudu vya Stella vimeshazizoea, haviziogopi tena. Jina la kwanza nililijua. La pili nikalijua. Udaktari sikusoma, majina hayo niliyasoma kwenye pakiti za kuku, nikizipasua kwa meno kila asubuhi.

"Mama, nyumbani mnafuga?"

"Nauza kuku Kariakoo."

Akaweka karatasi chini. "Kuna mtu amekuwa akimgusa mshono?"

Nasema kweli, nilitaka kudanganya. Ulimi ulishafika kwenye jina la shangazi yake.

"Mimi," nikasema. "Namkanda."

Nilitegemea anifokee, na ningemjibu, maana kujibu najua. Hakunifokea. Alisema imebaki dawa moja, wanaianza leo hii, na ikishindwa hana nyingine. Nikaanza kumwambia kwamba nanawa, kwamba meza yangu ni safi, kwamba soko zima hakuna anayenifikia. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Na mtoto," akauliza, "nani anamwogesha?"

Nikamkaza mtoto kifuani. Dokta alizunguka meza, akafungua kanga, akainua kifulana. Kitovu kilikuwa chekundu, kimevimba pembeni. Asubuhi nilipokuwa nakisafisha kwa kidole nilidhani ni joto tu. Dokta alikibonyeza, na mtoto hakulia. Alifungua mdomo kidogo, akaufunga.

Dokta Janki akamwita muuguzi kwa sauti kubwa. Kisha akamtoa mtoto mapajani mwangu, na nilipoinuka kumfuata, akanizuia mlangoni.

"Usimguse tena, mama," alisema. "Tafadhali."